Mama alivyosema "endelea kusoma"

Baba tulimzika Agosti na kikao cha mali tukakiweka Desemba, maana kwetu Machame, kule Kilimanjaro, Desemba ndo watu wote wanapanda mlimani, walioko Dar, Arusha, Dodoma wote wanarudi, na kama kuna jambo la ukoo linasemwa hapo hapo kabla watu hawajatawanyika. Tukakaa sebuleni, baba mdogo mwenyekiti, shangazi, sisi watoto, na mama kwenye kiti chake karibu na mlango wa kwenda jikoni, kimya.

Kihamba cha juu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, hakikua na mjadala, ile migomba na kahawa na nyumba anayokaa mama hakuna aliyethubutu kuigusa. Shida ilikua shamba la chini, lile la tambarare kuelekea Boma Ng'ombe. Kaka yetu mkubwa alitaka liuzwe. Ana Fuso inabeba mizigo, alishapata mtu wa kumuuzia ya pili ila hela haikutosha, na mnunuzi wa shamba alikua keshamleta akalizunguka lote. Sisemi alikua mwizi, hesabu zake zilieleweka na alisema akishasimama vizuri atatukumbuka wote.

Ila kule chini analima dada yetu mdogo, aliachika akarudi nyumbani na watoto. Na kwa wasiojua maisha ya kwetu, shamba la chini ndo linalolisha boma la juu, mahindi yanatoka kule, maharage yanatoka kule, hata mabua na majani ya ng'ombe yanabebwa toka kule maana huku juu ni migomba tupu hakuna pa kuchunga, ng'ombe anakaa bandani analetewa chakula, na ng'ombe ndo maziwa, ndo samadi, na bila samadi ndizi hamna. Dada anashuka alfajiri anapanda na mzigo kichwani, visigino vyake vimepasuka mpaka viatu vya kanisani anavaa kwa kujikaza.

Akasema, "Kaka, tukiuza mimi na wanangu tutakula nini?"

Kaka hakukasirika, na hicho ndo kiliniuma zaidi, aliongea kwa upole kabisa kama mtu anayefariji wafiwa. Akasema mdogo wangu, neno la Mungu linasema utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa, hatukuja na kitu duniani na hatutatoka na kitu, wewe hapa una pa kulala na kula unakula, ridhika. Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali na wengine wakaitikia amina. Mimi moyo unanienda mbio lakini sina la kusema maana imeandikwa kweli, Timotheo wa kwanza sura ya sita, sande skuli nimeifundisha mwenyewe.

Ndo mama akauliza, "Iko wapi Biblia ya baba yenu?"

Ikaletwa, ile ya zipu, imejaa bahasha za ahadi za kanisani za miaka mpaka haifungi. Macho ya mama hayaoni maandishi madogo, kwaio akamwita mjukuu, mtoto wa dada yuko darasa la tano, akamwambia baba hebu soma hapo anaposema mjomba wako. Mtoto akasoma anafatisha kwa kidole, alipofika "ila tukiwa na chakula na nguo tutaridhika na vitu hivyo" akanyanyua uso akidhani imeisha.

Mama akasema, "Endelea kusoma."

Akaendelea. "Lakini hao watakao kuwa na mali huanguka katika majaribu na tanzi." Halafu lile la shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha. Kaka akasema sawa mama tumeelewa. Mama hakumjibu, akamwambia mtoto endelea, na mtoto akaenda mpaka mstari wa 17, walio matajiri wa ulimwengu wa sasa uwaagize wasijivune wala wasiutumainie utajiri usio yakini, hiyo yakini ikamshinda akairudia rudia mpaka ikatoka, na wa 18, "watende mema, wawe matajiri kwa kutenda mema, wawe tayari kutoa mali zao."

"Hapo hapo. Rudia."

Akarudia. Sebule nzima hakuna anayemwangalia mwenzake.

Mama akamgeukia kaka, akasema, "Baba, mimi sikusoma kama nyie. Lakini kwenye hii barua naona kuna maneno ya mwenye kidogo na kuna maneno ya mwenye kingi. Wewe umechukua ya dada yako ukamsomea. Ya kwako umeyaacha kitabuni."

Baba mdogo akajaribu kurudisha kikao kwenye mila, kwamba mtoto wa kike hapewi shamba. Shangazi ambaye mwenyewe hakuwahi kupewa hata hatua moja ya ardhi akauliza, na mabinti wa Selofehadi je? Hesabu 27, walisimama mbele ya Musa wakadai urithi wa baba yao na Mungu akasema wamenena haki. Baba mdogo akasema wale hawakua na kaka. Shangazi akamjibu, "Na huyu mwenye kaka, ndo azidi kukosa?"

Tangu siku ile nasoma hii mistari kwa macho mengine. Paulo anapowaandikia Wafilipi kwamba amejifunza kuwa radhi na hali yoyote aliyo nayo, ni mtu yuko kifungoni na anasema habari za njaa yake mwenyewe, sio ya jirani. Na Yesu kwenye Luka 12, yule tajiri wa kubomoa maghala ajenge makubwa zaidi alianza kumsimulia baada ya mtu kumwomba amwambie ndugu yake wagawane urithi, yaani kikao kama chetu kabisa, na jilindeni na choyo aliwaambia wote waliokuwepo.

Usiku kaka alinikuta nje nasuuza masufuria akaniambia kitu ambacho hata mkewe hakua anakijua vizuri, kwamba ile Fuso ya kwanza bado ina mkopo na yeye halali, saa tisa usiku yuko macho anapiga hesabu. Akasema alifikiri ya pili ndo itamaliza deni la ya kwanza. Nilimhurumia kwakweli. Nikamwambia Mhubiri anasema usingizi wa kibarua ni mtamu, ale kidogo ale kingi. Akasema anaujua huo mstari. Akachukua sufuria moja akaanza kusugua.

Shamba halikuuzwa. Kwenye muhtasari wa kikao likaandikwa la mama na dada na wote tukasaini, kaka wa mwisho. Mavuno yaliyofuata hakutokea, alisema ana safari, na tulibeba wenyewe. Mwaka uliofuata akaja na Fuso mpaka shambani, akapakia magunia yote na mabua juu yake, mafuta akaweka yeye, dada akamshushia gunia moja la mahindi kwake Moshi mjini na wifi akatupikia.