Bibi alikuwa akiteleza chooni: jinsi tulivyorekebisha

Nyumba iko Moshi, choo ni cha kuchuchumaa, vigae laini. Bibi alikuwa akiteleza anapoinuka, si anapotembea. Mzee akiinuka hushika chochote kilicho karibu, na hapo palikuwa na ndoo ya maji tu.

Tulifunga bomba la chuma la inchi 1 wima, kuanzia sentimita 40 hadi 120 kutoka sakafuni, upande wa mkono wake wenye nguvu. Unene wake wa nje, kama milimita 34, kiganja hukumbatia vizuri. Mara ya kwanza liling'oka: skrubu zilishika plasta, na bloku lilikuwa na uwazi ndani. Tukatoboa ukuta mpaka nje, tukapitisha bolti za milimita 10 na kuweka kipande cha bati nene nyuma ya kila nati. Kabla bibi hajaligusa, kijana mzito alilivuta kwa uzito wake wote. Tafadhali msiruke hatua hii.

Kandambili zilizolika soli tulizitupa, tukanunua viatu vyenye mkanda kisiginoni. Taa ya sola ikawekwa njiani. Akiamka usiku, huketi kitandani kidogo kwanza, kwani presha hushuka mtu akisimama ghafla.