Nani mwingine anakohoa hapo nyumbani?

Kikohozi cha mwanangu kina saa zake. Mchana kutwa anakimbiza kuku, anamwaga maji, anachimba udongo kwenye chungu cha maua, na humsikii hata kupiga chafya. Ikigonga saa nane usiku ndipo kinaanza: kikavu, cha kufuatana, mpaka anakaa kitandani mwenyewe macho yakiwa bado yamefumba. Siku nyingine anatapika maziwa yote aliyolalia. Ukimwegemeza begani kinapoa, ukimlaza kinarudi. Ni mwezi wa saba, Arusha, na mnaoishi huku mnajua baridi yake ikoje.

Kila mtu ana lake la kusema. Mama mkwe, kwa simu kutoka Sanya Juu, alisema nimpake mafuta ya nyonyo kwenye nyayo na kumvalisha soksi. Soksi hazijawahi kumdhuru mtoto, nikafanya. Muuza duka la dawa, kabla sijamaliza kueleza, alishaweka mezani chupa mbili za dawa ya maji, moja nyekundu na moja ya kahawia. Nilimrudishia. Tangu ile habari ya Gambia mwaka 2022, watoto kufa kwa figo na WHO, Shirika la Afya Duniani, kutoa tahadhari juu ya dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo hivyo, dawa hizo kwa mtoto mdogo haziniingii akilini. Asali nilimpa, kijiko cha chai kabla ya kulala, kwa kuwa mwaka ameshavuka. Asiyefikisha mwaka haruhusiwi asali hata ya kulamba. Ilimtuliza kidogo, nami nikapata lepe mbili tatu za usingizi.

Halafu kukaja la kimeo. Nililijua litakuja tu. Jirani yangu mmoja, mtu mwema ambaye akipika makande lazima atuletee bakuli, aliniita pembeni: "Mama Nana, huyo ni kimeo kimerefuka, kinamkwaruza. Yupo mzee anakata, dakika moja tu, mtoto analala usiku uleule." Nilimshukuru nikaingia ndani. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, sote tunacho, na hakikohoi. Mtoto akikatwa na wembe ambao hujui umepita wapi, anaweza kuvuja damu au kupata maambukizi mabaya, na kikohozi kikabaki palepale. Lakini mwambie hivyo mama ambaye hajalala tangu wiki iliyopita, na mwenzake anamwahidi usingizi wa leo usiku! Siwashangai wanaokwenda.

Mimi usiku nilikuwa nahesabu. Nesi mmoja wa kliniki ya watoto alinifundisha zamani: mfunue fulana akiwa ametulia au amelala, tazama tumbo linavyopanda na kushuka, hesabu dakika nzima. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika, au chini ya mbavu pakiwa panabonyea anapovuta hewa, usingoje kukuche. Kwa mtoto mchanga wa miezi 2 hadi 11, kikomo ni 50. Wangu alikuwa kwenye thelathini na kitu kila nilipohesabu, kwa mwanga wa simu, huku baba yake akiuliza "ngapi?" kutoka chini ya blanketi.

Kikohozi kilipovuka wiki mbili tulienda kituo cha afya. Nesi aliangalia kadi ya kliniki, akamweka kwenye mizani, akaweka nukta yake: mstari unapanda, taratibu lakini unapanda. Akauliza maswali yake. Ana homa? Amepungua? Amelegea, hataki kucheza? (Wakati huo Nana alikuwa ameshapanda kiti cha mgonjwa mwingine.) Halafu, bila hata kuinua kichwa, akauliza:

"Nani mwingine anakohoa hapo nyumbani?"

Tukatazamana mimi na mume wangu. Babu.

Baba mkwe alishuka kwetu kwa ajili ya mtoto wa jicho, akisubiri zamu ya upasuaji. Anavuta sigara tangu ujana, na kikohozi chake ni sehemu ya sauti yake, tulishaacha kukisikia. Alikuwa analala chumba kimoja na Nana. Ni chaguo la Nana mwenyewe, maana Babu humwita "mchumba" na humwekea kipande cha mkate mfukoni mwa koti. Nesi alieleza bila kumtisha mtu: mtoto mdogo akipata TB, yaani kifua kikuu, mara nyingi ameipata kwa mtu mzima anayeishi naye karibu, kwa hewa ya chumba. Vikombe na sahani havina kosa. Kwa hiyo ukimpima mtoto, mpime na mkubwa.

Usiku ule nilihamishia godoro la Nana chumbani kwetu na dirisha la kwa Babu nikaliacha wazi. Babu macho hayaoni vizuri, lakini hilo aliliona.

"Kwa hiyo mimi ndiye mchawi?" alimuuliza mwanawe kwenye chai ya asubuhi.

"Baba, hakuna aliyesema hivyo."

"Mnataka kunipeleka Kibong'oto."

Kwa mtu aliyekulia Sanya Juu, Kibong'oto si jina tu la hospitali. Ipo hapohapo Siha, na enzi za utoto wake aliyepelekwa huko kwa ajili ya kifua alikuwa ameagwa. Ukoo ulihesabu miezi, na watu walipita mbali na boma lake. Ukimwambia leo dawa za TB ni za bure, kwamba wagonjwa wengi wanameza miezi 6 wakiwa nyumbani, anakutazama kama mtu anayemuuzia kiwanja hewa. Sikumbembeleza sana. Godoro ningelihamisha tena leo, hata akinuna mwezi mzima.

Shughuli ikawa kumpima mtoto. Mtu mzima anaambiwa kohoa, tema kwenye kikopo, basi. Mtoto wa umri huu hatemi. Makohozi anayameza, na zamani njia iliyozoeleka ilikuwa kumpitisha mpira puani hadi tumboni asubuhi kabla hajala, wayatoe huko. Niliposikia mpira, miguu ililegea. Nesi akacheka: "Tulia mama, siku hizi tunapima na choo." Makohozi yakimezwa, vijidudu vinasafiri na chakula hadi mwisho wa safari, na mashine ya GeneXpert inaweza kuvitambua humo. WHO waliukubali utaratibu huu kwa watoto mwaka 2020. Kinachotakiwa ni kidogo tu, kiasi cha harage moja.

Harage moja! Siku aliyotakiwa kulitoa, Nana aligoma. Papai, uji, maji ya uvuguvugu, wapi. Nilimtandikia nailoni safi ndani ya nepi ili kitambaa kisinyonye, nikawa namfuata nyuma nyumba nzima na kikopo mkononi. Alimaliza kazi yake jioni, maabara imeshafunga, na akaifanya nje ya nailoni. Ya kesho yake ndiyo iliyofika.

Picha ya kifua nayo ilikuwa vita. Nilivalishwa aproni nzito ya madini ya risasi, nikamshika mikono juu ya kichwa, naye anapiga kelele jengo zima linasikia. Mpiga picha hata hakujali. "Muache alie," alisema, "akimaliza kulia lazima avute pumzi ndefu, hapo ndipo nampata." Na kweli, akampata.

Babu alikwenda mwenyewe, kwa hiari yake anavyodai, na kikopo chake amekizungushia gazeti kwenye mfuko uleule wa mkate.

Majibu: choo cha Nana hakikuonyesha TB, picha safi, na makohozi ya Babu hayana kitu. Daktari alitueleza wazi kwamba kipimo cha choo kikisema hakuna, hakifungi mjadala peke yake, maana watoto hubeba vijidudu vichache na vingine hukwepa mashine. Ila uzito unapanda, mtoto anacheza, picha ni safi na mkubwa wake ni mzima, basi tuiweke TB pembeni na tumrudishe baada ya mwezi apimwe uzito. Kifuani alisikia mluzi. Hajaiita pumu. Alisema wengi wa umri huu hupiga miluzi kila wakipata mafua kisha huacha wakikua.

Tulipewa dawa ya kupuliza, na kwa vile kifaa chake cha plastiki, cha kumsaidia mtoto kuivuta, dukani ni bei ya kulia, nesi alitutengenezea cha chupa ya maji ya nusu lita. Alikata robo ya juu akaitupa, kitakoni akatoboa tundu linaloubana mdomo wa dawa, upande wa wazi akachonga pembe ndogo pa kukaa pua, kisha akapitisha ukingo kwenye moto wa kiberiti usimkwaruze mtoto usoni. Unabonyeza, unamwachia apumue mara kadhaa. Nana anadhani ni mchezo na anataka kumpulizia paka.

Daktari anataka picha ya kifua cha Babu pia, kwa sababu makohozi safi hayamaanishi mapafu safi. Nilimpelekea ujumbe huo kwa unyenyekevu wote wa mkwe. Akamaliza chai yake kwanza.

"Nitapigwa hiyo picha," alisema. "Lakini mchumba wangu arudi chumbani. Na hilo jiko la mkaa mnaloota moto humu koridoni kila usiku mlitoe. Mlinikamata mimi, lenyewe mkaliacha huru."

Jiko lilitoka jioni ileile. Sigara bado tunajadiliana.