Vibao vya mimea nyumbani Njombe: wiki ya sita

Vibao vya mbao ninavyoandikia majina ya Kilatini ya mimea vimenishinda. Ukungu wa hapa Njombe na mvua za Machi zimelamba rangi yote. Jumamosi nimehamia kwenye mabati yaliyobaki tulipoezeka banda la kuku. Nakata kwa mkasi wa bati, napinda kingo zisimkate mtu, kisha natoboa herufi kwa msumari na nyundo. Vitano vimeshasimama.

Kiazi mviringo kilikuwa rahisi: Solanum tuberosum, yaani chenye vinundu. Pareto ndiyo iliyonimalizia mchana. Tanacetum cinerariifolium, neno la pili pekee lina herufi 15, na zile i mbili za katikati niliruka moja, nikakata bati upya. Maana yake ni majani yanayofanana na ya sineraria, aina ya ua, na sineraria yenyewe imetokana na neno la Kilatini la majivu. Ukilishika jani la pareto asubuhi, ukijivu wake unauona.

Halafu yakaja majina yaliyonikosesha usingizi. Mpichi ni Prunus persica, wa Uajemi, wakati asili yake ni China. Warumi waliupata kupitia Uajemi. Mibuni miwili niliyoletewa kutoka Mbozi ni Coffea arabica, ya Uarabuni, na asili yake ni misitu ya Ethiopia. Nimeanza kusoma majina haya kwa namna nyingine: mara nyingi yanasema mti ulikutwa wapi, au mikononi mwa nani.

Mwati umenithibitishia. Kwetu uko kila kilima, magome yake ya kutengenezea ngozi, matawi kuni na mkaa. Ni mti wa Australia. Lakini jina Acacia mearnsii linatokana na Edgar Mearns, daktari wa jeshi la Marekani aliyefika Kenya mwaka 1909 akachukua sampuli ya mti uliokuwa umepandwa huko. Mtaalamu wa mimea Mbelgiji, De Wildeman, akaupa jina mwaka 1925. Mti wa Australia, sampuli ya Kenya, jina la Mmarekani!

Mama alisimama pale nikigonga, akauliza huyo Mearns ni nani. Nikamweleza.

“Na sisi tunaouita mwati, umetuandika wapi, mwanangu?”

Sikuwa nimeandika. Nimeling'oa bati, nikatoboa MWATI juu kwa herufi kubwa, Kilatini kikabaki chini. Vile vinne vingine navirudia hivyo hivyo kuanzia kesho, kisha mparachichi. Persea americana ni herufi 15 kwa maneno yote mawili, kipande kilichobaki kitatosha.