Mtutu Huanza Kufa Kooni: Kuchagua Risasi ya Shabaha ya Mbali Ukiwa Mtwara

Mtu akitaka nimwambie ni risasi ipi inayofaa kwa shabaha ya mbali, swali langu la kwanza kwake ni kwamba mtutu wa bunduki yake ukichakaa, mwingine atautoa wapi. Katika nchi ambazo maduka ya bunduki yapo kila mji, swali hilo halina uzito mkubwa, kwa kuwa mlenga shabaha wa mashindano huuhesabu mtutu miongoni mwa vitu vya kutumika na kwisha. Kwa mkazi wa Mtwara, mtutu mpya maana yake ni vibali, ni uagizaji kutoka nje, na ni kumtafuta fundi mwenye mashine ya kuchonga chemba, yaani chumba cha nyuma ya mtutu risasi inapokaa, ambaye hutampata kwa kuulizia kutoka Chikongola hadi Magomeni. Ndiyo sababu nashikilia kwamba kwetu sisi umri wa mtutu utangulie kufikiriwa, na kasi ya risasi ifuate.

Wengi walioizoea bunduki ya maana katika mikoa yetu, ukiacha wenye magobole, waliizoea katika uwindaji wa upande wa Liwale na Selous, ambako .375 H&H Magnum, risasi iliyotoka mwaka 1912 (namba ni takriban upana wa kichwa chake kwa inchi, na Magnum ni jina la risasi zenye baruti nyingi), ilijipatia heshima mbele ya nyati. Heshima hiyo ni halali yake, ila imeacha imani kwamba risasi kubwa ndiyo risasi bora. Karatasi ya shabaha haihitaji kuangushwa. Inahitaji kichwa cha risasi kirefu na chembamba kinachopasua hewa bila kupoteza mwendo upesi, pamoja na teke dogo ambalo mpigaji anaweza kulivumilia asubuhi nzima bila bega lake kuanza kujikunyata kabla ya kufyatua.

Kinachoua mtutu ni moto, na msuguano wa kichwa cha risasi una sehemu ndogo tu katika kazi hiyo. Baruti inapowaka, gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za Selsiasi hupita kwenye koo la mtutu, yaani pale mbele ya chemba ambapo mifereji ya ndani inayozungusha kichwa cha risasi inaanzia, ilhali chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kinachokiokoa ni ufupi wa muda, kwa sababu risasi hukaa ndani ya mtutu kwa takriban milisekunde moja na kidogo. Piga hesabu uone: mtutu uliokwisha baada ya risasi 2,000 umefanya kazi kwa sekunde zisizofika tatu katika maisha yake yote. Katika sekunde hizo ngozi ya chuma hupata moto na kupoa ghafla, ikawa ngumu, ikapasuka, kisha gesi ikaanza kuchimba ndani ya nyufa.

Jamaa yangu wa Masasi alinionyesha koo la bunduki yake ya .300 Winchester Magnum kwa kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu. Bunduki hiyo ilikuwa ya kuwindia kabla hajaigeuza ya shabaha. Mbele tu ya chemba chuma kilikuwa cha kijivu, kimechanika kama tope la jaruba lililokaukiwa na maji, na kingo za mifereji zilikuwa zimelainika hata usijue hasa zinaanzia wapi. Aliposukuma kamera hadi katikati ya mtutu, alama za mashine ya kiwandani zilionekana wazi, na kule mdomoni mtutu uling'aa kama umetoka dukani juzi. Wanunuzi wengi wa bunduki iliyotumika huchungulia mdomoni, wakaridhika, wakalipa.

Ipo hesabu nyepesi ya kukadiria ulafi wa risasi, nayo ni kugawa uzito wa baruti kwa eneo la tundu la mtutu. Risasi ya .308 Winchester, iliyotoka mwaka 1952, huchoma kama gramu 2.8 za baruti kupitia tundu la milimita za mraba 48 hivi, ambayo ni karibu miligramu 58 kwa kila milimita ya mraba. Ile ya 6.5 Creedmoor (hapa namba ni kwa milimita), ya mwaka 2007, ina baruti karibu sawa lakini tundu lake ni la milimita za mraba 35, na hivyo hufika kama miligramu 76. Ukija kwenye .300 Winchester Magnum unakaribia 100, na .264 Winchester Magnum ya mwishoni mwa miaka ya 1950 hupita 110, jambo lililoipa sifa ya kula mitutu tangu ujana wake. Makadirio ya walenga shabaha yanafuata mpangilio huo huo. Mtutu wa .308 hudumu na usahihi wake kwa risasi 5,000 au zaidi, wa 6.5 Creedmoor kwa 2,000 hadi 3,000, na wa .264 kwa 1,000 hivi, pengine usifike. Chuma kisichoshika kutu husaidia dhidi ya unyevu wa pwani, lakini hakibadilishi mpangilio huo.

Hata hivyo, sitaki kuipendelea .308 kupita haki. Kichwa chake cha gramu 11.3, kikitoka kwa mita 790 kwa sekunde, huikaribia kasi ya sauti kabla ya mita 1,000, na hapo huanza kuyumba. Kichwa cha 6.5 Creedmoor cha gramu 9 hivi hupita mita 1,100 kikiwa bado juu ya kasi hiyo. Upepo wa pembeni wa mita 4.5 kwa sekunde huisukuma .308 zaidi ya mita 2 kwenye yadi 1,000 (mita 914 hivi), na 6.5 kwa kama mita 1.6. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mwenye kushindana, lakini kwenye yadi 600 inabaki sentimita 20 na kitu, ambazo mwanafunzi wa upepo atazifidia kwa kujifunza. Tahadhari pia na majedwali ya mwendo wa risasi ya wenzetu wa Johannesburg, ambao hupigia shabaha kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi kuliko ya ufukweni kwetu, hivyo risasi iliyofika kwao kwa raha inaweza kuchoka mapema hapa.

Msimu wa kusi, upepo wetu huongezeka kadiri jua linavyopanda, kwa hiyo asubuhi mapema ndiyo saa ya kazi. Mchana una hasara nyingine: mtutu uliopata moto hauwahi kupoa, na kupiga risasi kumi mfululizo kwenye chuma cha moto hulichosha koo kuliko kuzipiga kwa kupumzisha. Mimi hushika mtutu kwa kiganja, na nisipoweza kuendelea kuushika, nasubiri. Risasi zikae kivulini, kwani baruti yenye joto hupandisha mgandamizo ndani ya chemba. Chumvi ya bahari ni habari fupi: futa, paka mafuta, na usiihifadhi bunduki ndani ya ala ya ngozi.

Mpwa wangu aliyeko Nachingwea aliniandikia, "Shikamoo mjomba, nimepata .300 Magnum ya bei nzuri, ina kibali, niichukue?" Nilimjibu kwamba akitaka shabaha atafute .308, na kama ana uhakika wa kupata risasi za 6.5 Creedmoor mwaka mzima, basi hiyo. Mazoezi ya kila wiki ayafanye kwa .22 ya mita 100 hadi 200, ambayo upepo huichezea vya kutosha kumfundisha na mtutu wake hauchakai kwa haraka ya kumtia hofu. Yote ayafanyie kwenye uwanja ulioruhusiwa wenye tuta la kweli nyuma, kwa sababu kichwa cha .308 kikikosa tuta kinaweza kwenda zaidi ya kilomita tatu, na mashamba yetu ya mikorosho hayakosi watu. Akiona bado roho yake iko kwenye ile Magnum, amwombe muuzaji kamera ipite chembani kwanza, na picha za koo anitumie kabla ya kutoa hata shilingi.