Siku moja kwenye meza ya fundi kompyuta Mwanza: "Nipigie window tu"

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko macho. Ukichelewa Igoma unasimama kwenye daladala mpaka mjini, na begi langu lina laptop, diski ya nje na seti ya bisibisi. Nyakato, Buzuruga, Mabatini, Mlango Mmoja, nashuka, natembea kidogo, nafungua.

Nimepanga chumba kimoja pamoja na dada wa steshenari. Yeye yuko mlangoni na mashine ya kopi, mimi niko ndani na meza yangu. Ukutani nimeandika "Huduma za kompyuta". Wanaoingia wanasoma "Kupiga window", kwa sababu kwa watu wengi hiyo ndiyo kazi ya fundi kompyuta: unaleta mashine, anafuta kila kitu, anaweka Windows upya, unalipa, unaondoka. Naandika siku hii ili mtu aone kinachofanyika mezani. Mashine nyingi ninazoletewa hazijafa. Ni nzima kabisa, ila zimejaa programu za matangazo zilizojiweka zenyewe, na mwenye mali hajui zimepita wapi.

Saa mbili hadi saa tatu ni wanafunzi: flashi iliyogoma, kibodi iliyomwagikiwa chai, ripoti isiyotaka kufunguka.

Saa tatu na dakika kadhaa akaja mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Anatumia laptop kuandika magunia yanayotoka na wateja wa Congo na Burundi. Alikuwa na hofu usoni. Kila baada ya dakika chache kona ya kioo inamwambia kompyuta yake ina virusi, abonyeze hapa alipie ulinzi, la sivyo picha zake zitafutika. "Mwanangu, nimeshindwa hata kulala," akaniambia.

Mashine yake haikuwa na kirusi. Siku moja alifungua tovuti ya kuangalia tamthilia, ikamtaka abonyeze Allow ili aendelee, naye akabonyeza. Kitufe kile hakikufungua video. Kiliipa ile tovuti ruhusa ya kumtumia arifa wakati wowote, hata akiwa kwenye ukurasa mwingine. Nikaingia kwenye mipangilio ya Chrome, brauza anayofungulia tovuti, sehemu ya arifa, nikafuta tovuti zote asizozijua na kuzuia nyingine zisiombe tena. Haikuchukua muda. Nikamfundisha kufanya mwenyewe, akarudia mbele yangu mpaka akaweza. Kuna watu wanalipa pesa kwenye yale maonyo ya uongo, wanaandika na namba za kadi zao. Mama huyu aliondoka kabla hajafika huko, na hilo lilinipa nguvu ya asubuhi.

Saa nne kasoro robo bodaboda ikasimama mlangoni na CPU imefungwa nyuma kwa mpira. Akashuka mzee wa makamo, kofia ya pamba, suruali ya kitambaa. Ana duka la vipuri vya injini za mitumbwi kule Nansio, kisiwani Ukerewe. Alikuwa amevuka jana yake kuja kununua mzigo, akaja na kompyuta ya nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kijana, nipigie window. Nina meli ya mchana."

Nikamwomba akae. Nikamwuliza swali ninalomwuliza kila mtu kabla sijagusa kitu: humu ndani kuna nini ambacho hutaki kipotee? Akasema hakuna kitu, piga window. Nikawasha. Pale kwenye kioo cha mwanzo kulikuwa na faili la Excel limeandikwa MADENI. Nikamwuliza ni la nini.

"Hayo ndiyo madeni ya wavuvi."

Plagi, propela, oili, nani kachukua lini, kalipa ngapi. Miaka kadhaa iko humo, pamoja na picha za harusi za watoto wake, na hakuna nakala sehemu nyingine yoyote. Angempata fundi asiyeuliza, vyote vingefutwa, kwa sababu ukifomati sehemu yenye Windows, kilichoko kwenye kioo cha mwanzo kinakwenda nayo. Nikachomeka diski yangu, nikaanza kunakili. Mashine ilikuwa nzito, kunakili kukachukua muda. Mzee akaanza kutazama saa.

Shida yake ilikuwa hii: akifungua brauza, badala ya Google unakuja ukurasa wa kutafutia asioujua. Akibofya popote linafunguka dirisha la kamari au la dawa za nguvu. Wajukuu wanatumia mashine hiyohiyo, na aibu ilimshika.

Nikafungua orodha ya programu, nikaipanga kwa tarehe ya kuwekwa. Hapo ndipo ukweli unapoanza kuonekana. Jioni moja, ndani ya dakika chache, ziliingia programu tano. Ya kwanza ni ya kupakua video. Nne zilizofuata hakuna aliyeziomba: ya kuharakisha kompyuta, ya kubadilisha PDF, ya hali ya hewa, na ya kutafutia. Ndivyo biashara hii inavyokwenda. Mwenye programu ya bure analipwa kwa kila kompyuta ambayo programu ya mwenzake imeingia kupitia kwake. Kwa hiyo anaziweka ndani ya mzigo mmoja, visanduku vya kukubali vimeshawekwa alama ya tiki, na mtu anabonyeza Next, Next, Finish bila kusoma. Ukichagua Custom unaviona vile visanduku na unaweza kuvitoa. Ukichagua njia ya haraka umekubali vyote.

Mzee akakataa. "Hapana. Huyu aliyeniuzia ndiye kaweka. Imekuja nayo dukani."

Sikumpinga papo hapo, kwa sababu jambo la namna hiyo limewahi kutokea. Februari 2015 ilifahamika kwamba baadhi ya laptop za Lenovo zilikuwa zinatoka kiwandani na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Ilichomeka matangazo ndani ya kurasa za watu, na ili iweze kuingia hata kwenye kurasa zilizofungwa kwa usalama, iliweka cheti chake, yaani kitambulisho ambacho brauza inakiamini, chenye ufunguo uleule kwenye kila mashine. Mtu mwenye ujuzi angeweza kuutumia ufunguo huo kumsoma mwenye laptop akiwa benki mtandaoni. Nikamweleza hayo yote. Kisha nikamwonyesha tarehe: kompyuta yake ilinunuliwa muda mrefu kabla ya ile jioni ya programu tano. Akanyamaza kidogo. "Basi ni mjukuu," akasema, na akatoa simu ampigie. Nikamwomba asimgombeze mtoto. Watu wazima wenye shahada wanabonyeza Next ileile.

Kazi yenyewe ikaanza hapo, na sikuangalia tena saa vizuri.

Nilitangulia na AdwCleaner. Ni programu ya bure ya kusaka na kuondoa programu za matangazo, na tangu 2016 iko chini ya kampuni ya Malwarebytes. Ilikamata mengi. Nikaondoa na zile tano kwa mkono, nikawasha upya. Ukurasa ule ukarudi.

Mzee akasimama. "Si nilikwambia? Fundi wa pale juu anapiga window kwa elfu kumi na tano, dakika arobaini."

Nikabofya kulia kwenye ikoni ya brauza, nikasoma mstari unaoonyesha inafungua nini. Mwishoni, baada ya jina la brauza, palikuwa pamebandikwa anwani ya ile tovuti. Ina maana hata brauza ikiwa safi, ikoni yenyewe inakupeleka kwao. Nikafuta, kwenye ikoni ya kioo cha mwanzo na ile ya chini pia. Nikawasha upya. Kimya kidogo, halafu ikafunguka tena yenyewe bila mtu kugusa.

Hiyo ni kazi iliyopangiwa muda. Ndani ya Windows kuna Task Scheduler, ambako programu inaweza kuagiza: kila mtu akiingia, niamshe. Nikapitia mstari mmoja mmoja. Majina yao yanafanana na ya Windows yenyewe, hivyo unasoma kila moja inaelekeza folda gani. Mbili zilielekeza kwenye AppData, folda iliyofichwa ambayo mtu wa kawaida haifungui. Nikazitoa na folda zake.

Mzee alikuwa ananipumulia shingoni. Anauliza hiki nini, kile nini, mbona unasoma tu hufanyi kitu. Simu yake inaita, anamwambia mtu wa upande wa pili kwamba fundi anasoma kompyuta kama gazeti. Dada wa steshenari akaniletea wali na dagaa, nikauweka pembeni. Chrome ilikuwa inaandika kwamba inadhibitiwa na shirika lako. Mzee hana shirika. Ni ile programu iliyojiandikia sera, yaani amri za usimamizi, ndani ya rejista ya Windows, daftari la mipangilio ya mashine, ili kiendelezi chake, kijiprogramu kinachoishi ndani ya brauza, kisiweze kuondolewa. Nikaingia kwenye rejista. Pale huwezi kufanya haraka, ukifuta mstari usiouelewa mashine inaweza isiwake tena.

Umeme ukakatika.

UPS yangu inanipa muda wa kufunga mashine vizuri, basi. Tukakaa na joto. Mzee akatoka nje, akarudi, akatoka. Meli ikaondoka tukiwa tumekaa vilevile. Akanilaumu mimi, na nilielewa: nauli, mzigo wake wa vipuri uko bandarini, na duka limefungwa. Lakini sikumwahidi meli. Nilimwahidi mashine safi na madeni yake salama, na hilo nilimrudia kwa adabu kila alipolalamika. Kuvumilia maneno huku kichwa kimeshika uzi wa mistari ya rejista kunachosha kuliko kubeba CPU.

Umeme uliporudi mgongo ulikuwa unauma. Nikamaliza sera, nikaangalia proksi, yaani kama mtandao wake unapitishwa kwa mtu mwingine, nikawasha ule ulinzi wa Windows wa kuzuia programu zisizotakiwa. Upo kwenye mipangilio ya Windows 10 tangu toleo la Mei 2020, na kwenye mashine nyingi ninazoletewa naukuta umezimwa. Nikawasha upya, nikafungua brauza. Google. Nikafunga, nikafungua tena. Google. Wali ulikuwa umepoa, nikala hivyohivyo.

Mzee akaingia kwenye akaunti yake ya Google ili ajiridhishe. Tukiwa tunatazama wote wawili, kile kiendelezi kikajirudisha.

Nilikuwa nimemwuliza mapema kama akaunti hiyo inatumika kwenye kompyuta nyingine, akasema hapana. Nikamwuliza tena, taratibu. Akafikiri. Kijana wake yuko chuo, Malimbe, na ndiye aliyemfungulia hiyo akaunti. Basi. Chrome inasawazisha viendelezi kati ya mashine zote zilizoingia akaunti moja. Kiendelezi kilikuwa kinaishi kwenye laptop ya kijana na kumfuata baba yake. Na hapa ndipo window isingemsaidia hata kidogo: angefomatiwa kwa dakika arobaini, angevuka ziwa, angeingia kwenye akaunti yake, na kingemkuta Nansio, ila bila faili la madeni.

Tukampigia kijana. Nikamwelekeza kwa simu: ondoa kiendelezi, zima usawazishaji, ondoa ile programu ya video iliyokileta, kisha AdwCleaner. Kelele za daladala nje, mtandao unakata, "unasema nibonyeze wapi, kaka?" Dada wa steshenari alishafunika mashine yake ya kopi na kuniaga. Hatimaye upande wa kule ukawa safi, nikasafisha wa kwetu, mzee akaingia kwenye akaunti upya. Tukasubiri. Hakikurudi. Nikazima mashine, nikaiwasha, hakikurudi.

Akafungua MADENI. Alisoma majina kwa muda mrefu, kidole kikishuka kwenye kioo. Kisha akauliza bei. Elfu ishirini.

"Umebadilisha kifaa gani?"

Sijabadilisha kifaa, mzee wangu. Nikamwonyesha daftari langu, kila nilichokitoa na mahali kilipokuwa kimejificha, na flashi mpya yenye nakala ya madeni na picha, ambayo bei yake imo humohumo. Akaigeuza ile flashi mkononi. Akatoa elfu kumi na tano, tano iliyobaki akasema ataituma kwa simu akifika Malimbe kwa kijana, anakolala. Nikamsaidia kufunga CPU kwenye bodaboda. Aliponishika mkono hakuuachia haraka, akaniambia ya dukani nayo ataileta safari ijayo, ina matatizo hayohayo.

Nilifika Igoma giza limeshaingia, macho yanawasha. Elfu tano ilikuwa imeingia. Chini yake palikuwa na ujumbe wa kijana na picha ya kioo chake: anaweka upya programu ya kupakua video, safari hii kutoka tovuti ya wenyewe, na anauliza abonyeze kipi. Nikaikuza ile picha. Nikamjibu achague Custom, atoe tiki kwenye visanduku vyote vitatu, kisha anitumie picha ya ukurasa unaofuata kabla hajabonyeza.