Jinsi nilivyorekebisha makadirio ya kura za urais, Mtwara

Jedwali langu la makadirio lilimpa ushindi mgombea kipenzi cha vijana kwa sababu lilihesabu waliojiandikisha, si wanaofika kituoni. Pengo si dogo: kitaifa, 2015 walijitokeza takriban 67%, 2020 takriban 51%.

Dawa ni kulipatia kila kundi la umri kiwango chake cha kujitokeza. Chukua kata ya mfano: vijana 600 wakijitokeza 40% ni 240, watu wazima 400 kwa 70% ni 280. Mgombea mwenye 60% ya vijana na 40% ya wakubwa anashuka kutoka 52% ya waliojiandikisha hadi 49% ya wanaojitokeza, na hakuna aliyebadili msimamo!

Usiulize tu “utapiga?”; wengi husema ndiyo. Oktoba, mwezi wa uchaguzi, ni msimu wa korosho: aliyejiandikisha Tandahimba akiwa kibaruani Masasi huenda asifike. Uliza kituo chake kiko wapi.