Zamu ya gari la wagonjwa jijini Dar es Salaam

Zamu yetu huanza kabla ya simu ya kwanza kuita: dereva hukagua matairi, mafuta na king'ora, nami huhakikisha kuwa mtungi wa oksijeni umejaa, mashine ya kufyonza majimaji kooni inafanya kazi na machela inafunga imara. Chai na chapati hunywewa na kuliwa upesi, kwa kuwa hakuna ajuaye mlo unaofuata utapatikana saa ngapi.

Wengi hudhani kazi ngumu ni barabarani, na kweli Barabara ya Morogoro huchosha saa za jioni, ingawa njia ya mwendokasi (ya mabasi yaendayo haraka), iliyoanza kutumika mwaka 2016, hutuokoa pale bodaboda wanapokuwa hawajaijaza. Kwangu mimi, ugumu mkubwa ni kuifikia nyumba yenyewe. Ukiingia Tandale au Manzese, maelekezo huwa "nyuma ya duka la Mangi", jina la utani la wenye maduka ya mtaani, na maduka ya akina Mangi ni mengi. Kisha gari hukwama mdomoni mwa uchochoro, nasi tukabeba machela kwa miguu, tukiruka mitaro, huku majirani wakitutangulia na tochi za simu. Hao majirani, nakiri, ndio wenzetu wa kweli kazini.

Tukishamkabidhi mgonjwa kwa muuguzi wa mapokezi ya dharura, pamoja na maelezo ya mapigo ya moyo, shinikizo la damu na dawa alizopewa njiani, tunapangusa gari kwa klorini, tunabadilisha shuka na kuutaarifu uongozi wa zamu kuwa tuko tayari.